Jante ya Bulengera na wimbo ya samaki

Butembo, ku Bulengera, dimanche kisha misa

Kwako Yaya Masika, ku Kyavinyonge,

Ni mie leki yako Muhindo, ule alizaliwa nyuma yako na akakumalizia samaki yote mu sahani. Nakusalimia na mikono mbili. Uko muzima? Mugongo yako, ile ilikuwaka inakusumbua ukiinama kupasula samaki, imepoa kidogo? Batoto bako banakula? Ziwa inabapatia kitu? Mie niko muzima. Nauzisha pagne, vitenge za bamama, mu magazin ya baba mudogo, na jioni napiga gitare. Basoda na bunduki zao bako mu muji sawa kila siku, leo hawa, kesho bengine, na sisi tunafungua magazin na tunafunga. Tumezoea.

Yaya, najua uko na hasira. Tangu mulizika Mama, nakutumia maneno na bale bamama ba samaki ba kwenu, maana bo basoda banabaachaka kupita, na jibu inarudi moja tu: «Mwambieni Muhindo kilio ya Mama iliisha bila yeye.» Ile neno ilinikata kabisa. Mie sikukataa kuya. Nilifunga muzigo, nikapanda camion, tukafika pa barrière, basoda bakaturudisha, bakasema kule chini banapigana. Nikajaribu tena kwa miguu. Bakanirudisha na fimbo. Hiyo si kosa yangu wala si yako, ni ya vita, na nakuambia hivi nikiwa nimesimama, sipigi magoti. Lakini nataka ujue vile nilimulilia Mama. Hakuna mutu alikuambia bado.

Unajua niko mu orchestre. Mukubwa yetu ni Kasereka, kijana moja murefu, kichwa ngumu, mwenye kutuletea ugonjwa ya muziki ya roki. Muyomba yake anafanyaka biashara ku Kampala, akamurudishia kasete za gitare inalia sawa chuma mu meno ya msumeno. Tangu pale, rumba ikamuchokesha. Yeye ana neno moja tu mu kinywa: mupya. Wimbo ikipendeza batu haraka, anasema imeoza.

Mie kisha kukosa kilio nilikuwa nakaa tu pa kitanda na gitare. Siku moja vidole vikaanguka pa sauti ya Mama, ile alikuwa anaimbaka pa kutia samaki chumvi. Unaikumbuka: «Geuza upande, jua ingali iko.» Na sisi batoto tulikuwa tunamujibu «Paka anatuona!», juu paka ya jirani ilikuwa inakaa pale kila siku inangojea kichwa ya samaki. Mama anacheka mupaka anaangusha kisu. Basi nikafanya wimbo, nikaijaza na maneno ya mutu mwenye kufungiwa njia, lakini «geuza upande» nikaiacha pale pale kati. Ile ya paka sikuitia. Niliona haya. Nani analia mama yake na paka?

Nikaimbia orchestre. Mupiga ngoma akafuta macho. Kasereka akatingisha kichwa.

«Ni tamu,» akasema. «Njo ubaya yake. Batu bataimba na weye mara ya kwanza tu. Maana balikuwa nayo tayari. Sasa umebaletea nini?»

«Nimebaletea kinywa yao,» nikamujibu.

«Kinywa banayo! Mutu wa roki anafungua njia. Anapiga kitu masikio haijasikia bado.»

«Masikio ya nani, Kasereka? Ile wimbo mutu hawezi kwenda nayo ku shamba, hiyo si wimbo. Ni kelele yenye diplome.»

Tukabishana hivyo siku nyingi, Yaya, na hasira ya kweli. Yeye alikuwa anapigania orchestre yake isikuwe sawa zile zingine. Mie nilikuwa napigania Mama. Mwisho akaniweka pa kona: «Tutapiga wimbo yako ku concert ya Bulengera, lakini mie nitaitia mupya yangu.» Nikakubali. Nilikuwa nataka Mama asikiwe, hata mu kelele.

Sasa ngoja usikie mupya yake. Akatafuta jante ya camion, ile chuma ya gurudumu, akaitundika pa jukwaa na kamba. Akajitia filimbi mu kinywa. Na huku kwetu, Yaya, kila avenue, kila mutaa, iko na jante yake na filimbi yake, na hatuvipigi kwa kucheza. Ukisikia hivyo viwili pamoja, maana yake batu ba silaha bameingia, kamata mutoto ukimbie. Kila mutu anajua. Hata mie nilijua! Lakini tulikuwa tumeshinda mu répétition, tunazoeza wimbo ndani ya depot, milango imefungwa na magunia, mupaka kwetu ile jante ilikuwa imegeuka chombo tu ya muziki. Njo vile mutu anakuwa mujinga na akili yake yote.

Concert ilikuwa saa tisa ya mchana, mu kiwanja ya shule. Batu tele. Nikaanza wimbo, wakati ya «geuza upande» bamama bakaanza kutingishika, bengine bakaitikia. Nikasema mu roho, Mama, unaona? Pale pale Kasereka akapiga jante: nga! nga! nga! na filimbi juu yake.

Eh, Yaya! Kiwanja ikatoka watu sawa maji mu ndoo yenye tundu. Kule nje avenue zingine zikajibu, jante zao na zao, filimbi mupaka chini ku soko. Magazin zikafungwa. Bamama na magodoro pa kichwa, mbuzi, wazee pa baiskeli, bote kuelekea kilima. Kasereka akabakia na nyundo mu mukono anaita: «Ni muziki! Ni muziki tu!» Nani atamusikia?

Chef ya avenue akakuya, akatuambia twende tukarudishe batu sisi wenyewe, na tusipofanya hivyo gitare zote zitalala kwake. Tukapanda kilima. Kasereka akaita na porte-voix, ile bomba ya kukuza sauti, batu bakaingia zaidi mu mihogo. Kweli, nani anatoka kwa sauti ya mwanaume mwenye porte-voix mu hii vita? Nikamunyanganya. Nikatoa ile gitare ya zamani ya mbao, nikaanza kutembea mu njia polepole naimba ya Mama. «Geuza upande, jua ingali iko.» Kwanza hakuna mutu. Kisha mama moja akaitikia ndani ya majani. Kisha wengine. Bakaanza kutoka, godoro pa kichwa, banaimba na banatutukana pamoja. Tukashuka nao bote mupaka mu muji, na mie nilikuwa nalia wazi mbele ya kila mutu. Ile njo ilikuwa kilio yangu, Yaya. Niliikosa kule, nikaipata huku.

Na Kasereka, mushenzi ule, unajua aliniambia nini jioni? «Wimbo yako imebarudisha, sikatai. Lakini weye, umeisha kusimamisha muji muzima na noti tatu?» Tukacheka mupaka tumbo zikauma. Jante tulirudishia mwenyewe. Sasa anapiga jembe ya zamani, polepole, na kusema kweli inapendeza: inafanana na kisu ya Mama pa mbao. Mupya yake nzuri, basi, lakini ikuye nyuma ya wimbo, isipite mbele. Hapo hanigeuzi tena.

Lakini sikuandika barua juu ya kukuonyesha nimeshinda. Naandika juu ya jana. Nilienda ku soko, na mama moja wa samaki, ule mwenye kutoka kwenu na muzigo ya tilapia, alikuwa anaimba wimbo yangu, anapiga kisu pa beseni. Nikafurahi. Kisha akafika pa «geuza upande», na akajijibu mwenyewe: «Paka anatuona!»

Nikaangusha makuta yangu, pesa yote ya soko, mu matope. Nikamuuliza ile ya paka aliitoa wapi. Akasema: «Mie niliipeleka ku ziwa bila paka. Kuko mama moja kule wa kutia samaki chumvi, alinisikia naimba, akakaa chini, akalia sana. Kisha akasema nimekosea, akanifundisha vile inaimbwa.»

Yaya Masika, ni mie niliimba. Ulikuwa unanisahihisha mie.

Nimeambia Kasereka sasa tunaimba na paka. Alisema katika maisha yake hajasikia kitu mupya sawa hiyo.

Unisalimie shemeki, bwana yako, na mutumbwi yake isivuje. Unisalimie shangazi Kavira mwenye kutulea pamoja na Mama, na jirani mwenye paka, kama yeye na paka bangali. Siku njia itafunguka nitafika na ile gitare ya mbao, tuende sisi wawili pa kaburi. Weye utasema «geuza upande». Jibu niachie mie.

Leki yako mwenye kukupenda,
Muhindo