Sentensi ya Kabla na ya Baada

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kile kikohozi kimekuacha. Mimi sijambo, ila macho yanalalamika kwa kusoma herufi ndogo kutwa nzima. Nisalimie yule fundi cherehani aliyekupangisha chumba, umwambie suruali aliyonishonea bado inanibana.

Safari iliyopita uliniuliza kazi ya kamusi ni kazi gani hasa. Tuko wanne katika chumba chenye dirisha moja na makabati ya kadi hadi darini. Kila mmoja hupewa neno, akalichambua maana, akalitafutia visawe, kisha akaliandikia mfano. Mwezi huu mimi nimeangukiwa na uti wa mgongo.

Maana ya kwanza haikunisumbua: ni mfululizo wa pingili za mifupa kutoka shingoni hadi kiunoni. Niliiandika bila kufungua kitabu. Baba alipoanguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiliezeka, daktari alituonyesha pingili zile kwenye picha, moja moja. Wewe ukaja kuzijua kwa mikono, miaka tisa ya kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Mimi nilizijua kwa barua zako.

Maana ya pili ni mtu au kitu kinachotegemewa na wengine. Visawe nikaweka mhimili, nguzo na tegemeo. Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Bwana Koma, alishikilia kwamba nguzo zaweza kuwa nyingi lakini uti ni mmoja tu. Tulibishana hadi chai ikapoa. Kilichokwama ni mfano. Mhariri wetu, mama asiye na utani na mtu, amepiga marufuku ule wa kilimo na taifa. Anasema umechakaa kuliko zulia la ofisi. Anataka sentensi iliyosemwa kweli, na kadi ionyeshe nani aliisema, wapi na lini.

Nilikuwa nayo moja. Nikaandika: “Huyu binti ndiye uti wa mgongo wa nyumba hii.” Msemaji, Baba Mdogo. Mahali, sebuleni kwetu. Siku, wiki ya pili baada ya mazishi ya Baba. Mhariri aliisifu, jambo ambalo kwake hutokea kwa nadra kama kupatwa kwa jua. Kisha akanirudishia kadi na kunikumbusha kanuni ambayo kwa furaha yangu nilikuwa nimeisahau: mfano uliotoka kwenye mazungumzo huandikiwa, nyuma ya kadi, sentensi iliyoutangulia na iliyoufuata, ili maana isipotoshwe.

Nilikaa na kadi ile siku tatu. Bwana Koma akadhani naumwa.

Dada, siku ile ulikuwa jikoni ukiosha vikombe. Sentensi ya kabla ni ya Baba Mdogo pia. Alisema nyumba aandikiwe binti. Ya baada ni yangu. Nilisema tumeshazungumza, na wewe mwenyewe huitaki, umechoka nayo. Hatukuwa tumezungumza. Wewe ukaambiwa wazee wameamua, ukafungasha mizigo ukahamia chumba cha uani kwa fundi, na kabla ya kuondoka ukanifulia shati la safari. Nilitaka nyumba, basi. Sina sababu nyingine ya kujitetea. Naona haya, na haya yenyewe imechelewa mwaka mzima.

Jumamosi nilimwendea Baba Mdogo nikamweleza yote. Hakunigombeza, aliuliza tu kalamu iko wapi. Hati mpya ina jina lako, sote wawili tumeweka sahihi, na imo humu pamoja na funguo. Mlango wa jikoni bado unakwama, sikuutengeneza.

Mhariri ameipitisha kadi, pande zote mbili. Atakayefungua kabati lile atasoma neno la Baba Mdogo mbele na langu nyuma, na mwandiko wote ni wangu. Usijilazimishe kunijibu. Wape salamu zangu majirani wa hapo uani, na ujitunze kifua.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemfulia shati.