Tonge la Hekaluni

Jumapili, Wembley

Binti yangu Neema, anayeona kumega ugali kwa mkono ni uchafu, leo amekula matonge matatu ya wali kwa mkono hekaluni kwa Wabudha, akalamba na vidole. Na mimi nilishaanza kuogopa kwamba anakionea aibu chakula chetu.

Bibi wa Kijapani alitufundisha kulowesha viganja, kupaka chumvi na kufinyanga wali. Mama mmoja Mzungu akaniinamia, akanieleza polepole kwamba kula kwa mkono kunatuliza moyo.

"Asante, dada, sikujua," nikamjibu.

Bibi alitazama tonge langu akacheka. "Wewe umezoea."

Jioni nimesonga ugali, nikaficha uma zote. Neema akanuna. Nikatulia kama mtawa.

Mwishowe akaenda kulowesha viganja, akarudi kuomba chumvi. Nikampa.