Yai Lako Nimelikula, Shemeji

Shemeji Yasini,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, na yangu ungeijua zamani kama ungekuwa mtu wa kusikiliza. Basi tuache salamu, nikupe habari za nyumbani kwako.

Kuku wako wazima. Nimeanza na hao kwa sababu ndio ungeanza kuwauliza. Jogoo mwekundu amekufa, lakini majike wanataga vizuri, na dada yangu Zaina bado anaweka nukta nyekundu juu ya kila yai kwa rangi ya kucha, kama mlivyokubaliana, ili mnunuzi asichanganye yai la Yasini na mayai mengine ya soko la Rumonge. Watu bado wanayaita mayai ya moyo. Moyo wako umesimama, mayai yako yanaendelea na safari.

Siku ya matanga yako, mteja wako mmoja kutoka Muhuta alikaa mkekani karibu nami. Akamaliza wali, akafuta mikono, akasema, "Muzee Yasini, bila yale mayai angekufa zamani." Waliomzunguka wakatikisa vichwa kukubali. Nimefundisha biolojia katika lise, yaani sekondari, mpaka nikastaafu, nimezoea kusikia jibu baya likitolewa kwa sauti ya uhakika. Lakini wanafunzi wangu hawakuwa wakilitoa huku wakila wali wa msiba wangu.

Unakumbuka ilivyoanza. Wakati huo ulikuwa na meza zako za waya pale ufukweni, za kuanikia ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Chini ya meza, jioni, vilibaki vichwa na vumbi la samaki, ukafagia na kutupa. Kisha akaja yule bwana wa Bujumbura, mwenye viatu vilivyokataa mchanga, akakuambia kwamba vumbi hilo ni mali: kuku akilila, hutaga yai lenye mafuta ya samaki, na mafuta hayo ni rafiki wa moyo. Ulikuja kwangu mbio kabla hata hujala. "Mwalimu, ni kweli ao ananidanganya?"

Nilikuambia ni kweli. Na nikakueleza. Nitaeleza tena sasa, kwa sababu mara ile ulichukua nusu ukakimbia nayo.

Kuku hana siri. Anachokula kinaonekana katika kiini cha yai lake. Ukimlisha ndagala, kiini hubeba sehemu ya mafuta yale ya samaki, wanayoyaita omega-tatu. Mtu akiyala mara kwa mara, yanaweza kupunguza kidogo aina fulani ya mafuta yanayosafiri ndani ya damu, na mafuta hayo yakipungua, mishipa hupata nafuu. Nilisema "yanaweza". Nilisema "kidogo". Maneno hayo mawili uliyaacha kizingitini kwangu, ukatoka na neno moja tu: moyo.

Halafu kulikuwa na nusu ya pili ya somo, ile uliyoisikiliza ukiwa umesimama. Wewe ulikuwa na tansiyo. Tansiyo ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa, na yai, hata likitagwa na malaika, halijapewa kazi hiyo. Niliushika mpira wa baiskeli yako. Nikakuambia, mpira uliojaa upepo kupita kiasi hauponi kwa kupakwa mafuta. Upepo wenyewe lazima upungue, na vidonge ulivyopewa kituo cha afya ndivyo vinavyoupunguza. Kula yai, nikasema, na umeze kidonge. Ulicheka. "Mwalimu, mimi siyo baiskeli."

Baadaye ukanitangazia mbele ya wateja, mkono mmoja umeshika trei, "Vidonge nimeviachisha kazi. Dawa iko ndani ya yai." Walicheka wote. Wewe ulijua kuchekesha, shemeji, na hilo ndilo lililokuua. Mtu asiyechekesha angelazimika kutoa sababu.

Sikucheka. Ukasema nina wivu wa watu waliosoma.

Na ulivyoyala! Mawili kila asubuhi, yakielea katika mawese, na juu yake chumvi, kwa vidole vitatu, kama mtu anayepanda mbegu. Muganga wa kituo cha afya alikuwa amekukataza chumvi. Ulimjibu kwamba yai lisilo na chumvi ni chakula cha mgonjwa, na wewe si mgonjwa, ndiyo maana unakula mayai ya moyo. Nilikaa siku nzima nikitafuta mlango wa kuingilia katika jibu hilo. Halina mlango. Ni duara.

Lakini kinachonichoma zaidi ni ndagala. Nyumba hii yako ilikula ndagala tangu mama yako akiwa hai. Watoto waliwala wazima, na vichwa, na ugali wa muhogo, na mafuta yale yale ya samaki yakaingia miilini mwao bila mtu kuyapa jina. Biashara ilipokua, vumbi halikutosha tena. Ukaanza kuwapa kuku ndagala wazima, wale wa mezani. Watoto wakala maharage wakiwatazama kuku wanakula samaki. Tunakaa kando ya Tanganyika, Yasini, ziwa lote liko mbele ya mlango, na wewe ukaona samaki hafai kuingia kinywani mwa mwanao mpaka apite kwanza tumboni mwa kuku. Nilipokuambia hivyo ulinijibu, "Ndagala ni chakula cha maskini. Hakuna mutu atasafiri toka Bujumbura kuja kununua ndagala wa moyo." Hapo ulisema kweli.

Ulianguka mchana kweupe katika banda la kuku. Zaina alisikia kuku wakipiga kelele, akadhani ni kicheche. Alikukuta umelala juu ya mkono wa kulia, mdomo umeenda upande, unataka kusema na maneno hayaji. Wewe, wa maneno. Hospitalini daktari kijana aliuliza, "Alikuwa anameza dawa?" Nilimtazama Zaina. Zaina aliitazama miguu yake. Kesho yake tukakuzika kule juu, upande wa barabara ya Kizuka, chini ya michikichi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie.

Zaina naye ana tansiyo. Ulijua. Mlipewa vidonge siku moja, mkaviacha siku moja, kama watu waliofunga ndoa mara ya pili. Alipoingia eda, nilimwambia aanze tena. Akasema mjane hatoki. Nikamwendea shehe, akajibu kwamba matibabu ni haja, na mwenye haja hutoka. Nikarudi na jibu hilo kama mtoto aliyetumwa chumvi. Akasema sawa, lakini haendi.

Basi nikamleta muganga nyumbani, yule mama wa kituo cha afya. Akamfunga kitambaa cha kupimia mkononi, akakijaza upepo, akasikiliza, akakifungua, akakifunga tena. Kisha akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Nimekuwa mwalimu, najua uso wa mtu anayesoma matokeo mabaya. "Mama, hii haingoji eda iishe," akasema, na akaacha vidonge juu ya meza.

Zaina akamshukuru kwa upole, "Murakoze cane, muganga. Lakini mimi niko na mayai."

Vidonge vilikaa pale. Nilipita kila asubuhi nikavikuta havijaguswa, na kila asubuhi nikafundisha. Nilimweleza moyo, nikamweleza mishipa, nikamweleza figo. Nilileta hata mpira wa baiskeli, Mungu anisamehe, nyumbani kwa mjane. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama naongeza chai.

Na kila asubuhi alinitengea sahani yenye yai lililochemshwa, lenye nukta nyekundu, nami niliisukuma kando. Tangu uzikwe nilikuwa nimeapa moyoni sitatia yai lako kinywani. Nililiona kama kisu kilichokuchoma, halafu kimeoshwa na kuletwa mezani.

Siku moja alichoka. Dada yangu hasemi kwa sauti kubwa, unajua. Alisema akipanga mayai kwenye trei, hata hakuinua uso. "Kaka, nikimeza kile kidonge nitakuwa nimesema mume wangu alidanganya watu. Na mikono iliyoweka nukta ni hii." Akapanga mengine mawili. "Na wewe unamtukana kila asubuhi kwa sahani, halafu unataka nikusikilize."

Nilikuwa na jibu. Nina jibu la kila kitu, ulikuwa ukisema hivyo mwenyewe. Nilitaka kumweleza kwamba kosa lilikuwa la mtu, yai halikuwa na kosa. Nikiwa nimefungua kinywa nikaona kwamba sahani yangu ilikuwa inasema kinyume. Mimi ndiye niliyekuwa nimelihukumu yai.

Nikalivuta. Nikaligonga ukingoni mwa meza, nikalimenya. Kiini chako, shemeji, ni cha rangi ile ya mawese yanapotoka motoni. Nililila lote bila chumvi, Zaina akinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa akinywa uji wa kwanza. Nilitamani liwe baya. Lilikuwa zuri. Lilikuwa yai zuri kuliko yote niliyokula mwaka huu, na hilo liliniuma kuliko kama lingekuwa bovu.

Nikamwambia, "Ni yai zuri. Yasini hakudanganya juu ya yai."

Akangoja. Alijua kuna "lakini" inakuja, amekua naye kaka huyu. Nami, kwa mara moja katika maisha yangu, nikanyamaza pale ambapo somo lilipaswa kuanza.

Akainuka, akafuta mikono kwenye kanga, akachukua kidonge mezani. Akakimeza kwa chai. Kisha akasema, "Kesho ukija ule tena. Usipokula, sinywi." Na akarudi kwenye trei zake.

Hayo ndiyo makubaliano yetu. Muganga amerudi kumpima, na safari hii alimtazama yeye, si mimi. Hakusema tansiyo imekwisha, alisema imeanza kushuka. Nukta nyekundu bado zinawekwa. Ila mnunuzi akiuliza kama yai linaponya tansiyo, dada yangu humjibu kutoka nyuma ya mlango, "Yai kula, na vidonge vyako meza." Yule wa Muhuta aliposikia hivyo alikasirika, akasema mjane anaharibu biashara ya marehemu. Akanunua trei mbili. Na ndagala wazima wamerudi mezani. Kuku wamepewa vumbi lao, kama zamani. Mwanao wa mwisho anawala na vichwa.

Bwana wa Bujumbura naye alikuja. Alitoa rambirambi, akauliza kama jina lako linaweza kubaki kwenye mayai anayoyapeleka kuuza Bujumbura, kwa kuwa watu wanakuamini. Zaina yumo katika eda, kwa hiyo nilimjibu mimi, uani. Nilimuuliza kama aliwahi kukuambia uache dawa. Akasema hapana, hata mara moja. Nikamuuliza kama aliwahi kukuambia usiache. Akatazama viatu vyake.

Lala basi, shemeji. Walio juu ya ardhi wana kazi. Sijakusamehe, na usidhani yai ninalokula ni ubani wako. Ningali na hasira nawe, na huenda nikaja nayo huko huko. Lakini nakuahidi hili: Mungu akinipa asubuhi, nitapita nyumbani kwako, nitakaa kwenye kiti chako, nitamenya yai lako na kulila bila chumvi, macho yangu yakiwa kooni mwa dada yangu mpaka kidonge kishuke.

Nakula ili ameze.

Shemeji yako,
Mwalimu