Mfalme Chale

Jumatatu, 4 Machi 1957

Madaftari ya Darasa la Pili bado rundo zima. Hesabu za kutoa zimewashinda tena. Nimeyasukuma pembeni kwa sababu kaka Hamisi amerudi na kitabu kipya cha picha kutoka Mchafukoge, kwenye lile duka linalouza magazeti yaliyokwisha kusomwa na Wazungu. Alipoingia kuoga nikakisoma chote. Ndiyo kawaida yangu. Yeye huwasomea wenzake barazani baada ya Alasiri, na mimi ndani huwa nimeshakimaliza.

Ni yuleyule mtu wa barakoa. Anaruka angani kavaa joho, na chupi juu ya suruali. Mchana karani mpole, usiku shujaa. Ananiudhi na bado namsoma. Yule mwanamke wake ananiudhi zaidi. Kila kitabu lazima aanguke. Kaanguka ghorofani, kaanguka darajani, leo kaanguka kutoka kwenye ndege. Kazi yake ni kudakwa. Mwezi uliopita mwalimu mkuu aliniazima riwaya ya malkia anayeishi chini ya mlima. Malkia yule joka lake analipanda mwenyewe, na likikaidi analitandika. Nililia ilipokwisha. Hicho ndicho kitabu.

Hiki cha leo kimenichafua roho. Ndege inaangukia Afrika. Afrika yenyewe msitu tu, hakuna njia, hakuna kisima, hakuna shamba hata la mihogo. Watu wake wamechorwa midomo mikubwa na macho ya kutoka. Mfalme wao ana chale usoni, mistari mitano kwenye paji la uso. Anataka kumpika yule mwanamke. Mtu wa barakoa anawapiga wote peke yake na wanamwangukia miguuni.

Nimekirudisha chini ya mto wa Hamisi.

Jumanne, 5 Machi

Hamisi kakisoma barazani. Nilikuwa dirishani nakuna nazi, nikasikia kila neno.

Hamisi anatafsiri kwa mbwembwe. Kiingereza chake kimeishia nusu, nusu iliyobaki anaijaza mwenyewe. Siku nyingine huwa nacheka peke yangu. Leo alipofika kwa mfalme wa msituni wote wakaanguka vicheko. Nilingoja mmoja wao akasirike. Hakuna. Watu wazima, kanzu safi, wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Wakati huohuo akapita Rashidi na mbao begani. Akawapa salamu, wakaitika. Alipofika kwenye kona, mmoja akasema mfalme mwenyewe si ndiye huyo? Hamisi akaipokea hapohapo. Akamwita Mfalme Chale. Wakacheka upya.

Rashidi ni fundi seremala. Kwao Newala, Mmakonde mwenye chale tano kwenye paji la uso, Mwislamu anayeswali kuliko hao wote wa barazani. Alikuja kutengeneza madawati ya shule yetu Ilala, ndiko tulikojuana. Ijumaa iliyopita wazee wake walileta posa. Baba hakukataa. Alisema atatoa jibu kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Hamisi anajua yote hayo. Ndiyo maana kamwita hivyo.

Nazi nimeikuna pamoja na kidole.

Alhamisi, 7 Machi

Watoto wa mtaa wameshalidaka lile jina. Asubuhi nimesikia "Mfalme Chale! Mfalme Chale!" kutoka bombani. Nimetoka nikawakuta wanafunzi wangu wawili. Wameniamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha wakaendelea. Sikuwapiga. Nilitaka.

Jioni nimemfuata Hamisi chumbani. Kasema ni mzaha, kwani mimi sijui mzaha siku hizi? Kasema rafiki zake watamcheka akiwa na shemeji wa kuja, mwenye kuchorwachorwa. Hapo nikaona hasa kinachomuuma. Si mimi, ni baraza lake.

Nikamwambia, "Aliyechora haya hajui Newala wala Kariakoo. Ungesimama mbele yake na kanzu yako na kalamu yako mfukoni, angekuchora vilevile, na mdomo vilevile. Na wewe umo humu, kaka."

Kaniambia kusoma kumeniharibu.

Yeye anajiona ni yule anayeruka. Wote pale barazani wanajiona hivyo. Wanakaa upande wa barakoa na kuwacheka waliopigwa. Hiki ndicho kinachonikosesha usingizi. Mzungu aliyechora yuko mbali, simjui, na hasira zangu hazimfiki. Hawa nawapikia.

Jumapili, 10 Machi

Mama kaniita jikoni, kafunga mlango. Kasema Baba anaelekea kukataa.

Kumbe Baba alimwomba Hamisi amwonyeshe lile gazeti la picha linalochekesha watu. Baba yetu anauza nazi sokoni tangu sijazaliwa. Qurani anaisoma vizuri, barua huandika kwa herufi za Kiarabu, lakini Kizungu hakijui. Kwake kilichopigwa chapa kimethibitishwa. Hajui kama kuna watu wanaochapa uongo kwa makusudi na kuuuza. Kaangalia picha kwa makini, kauliza hawa ni kabila gani. Hamisi kamwambia, imeandikwa hapa, Wamakonde. Imeandikwa wanakula watu.

Imeandikwa!

Kitabu hakina kabila. Hakina hata jina la nchi. Nimekisoma kuanzia jalada mpaka matangazo ya mwisho.

Mama kasema niwe na subira. Nimefungua mlango nikatoka.

Jumatatu, 11 Machi

Shule. Nimewafokea watoto bure. Rashidi hapiti tena mtaani kwetu, anazungukia nyuma ya soko.

Jumanne, 12 Machi

Nimefanya.

Nimengoja Baba amalize chakula. Nikakichukua kitabu chini ya mto wa Hamisi, Hamisi mwenyewe akiniangalia, nikaenda kuketi mkekani mbele ya Baba. Nikaomba ruhusa nimsomee. Hamisi kasema mambo hayo si ya wanawake. Baba kasema, "Mwache asome."

Nikasoma. Kila neno lililo kwenye kila picha, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, bila kuongeza chumvi. Nilipofika kwa mfalme nikasoma polepole zaidi. Baba akaniuliza jina la kabila liko wapi. Nikamwambia halipo, Baba. Akauliza mara ya pili. Nikamwambia halipo, na hayo yote ni hadithi ya kutunga, hakuna ndege iliyoanguka, hakuna mfalme, kuna mtu amekaa mezani kwao akayawaza.

Akamgeukia Hamisi. Hamisi akaangalia mlango.

Nilidhani Baba atafoka. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alisema, "Barua zangu zote za kodi ya banda ni wewe unayenisomea." Hamisi akatoka nje bila viatu.

Kisha Baba akataka nimfafanulie yule anayeruka. Anaitwa nani? Nikasema ana majina mawili, la mchana na la usiku, na mchumba wake mwenyewe hajui kama ni mtu mmoja. Akauliza kwa nini anaficha uso. Nikasema ili adui wasimjue. Baba akafikiri sana. Akasema mtu anayeruka usiku, kavua nguo zake za mchana, kaficha uso na jina, hapa kwetu tunamwita mwanga, na hatumshangilii. Tunamsomea dua ahame.

Nimecheka. Mara ya kwanza wiki nzima. Baba hakuwa anatania.

Ndipo nikapata ujasiri. Nikasema, "Rashidi hafichi, Baba. Ukimwona usoni unajua kwao wapi."

Aibu ikanishika, nikainuka na vyombo. Binti hamsemei mchumba wake mbele ya baba yake. Lakini nilishasema.

Alhamisi, 14 Machi

Baba kapeleka ujumbe. Anataka kumwona kijana mwenyewe, si wazee wake. Jumamosi. Hamisi analala kwa rafiki yake. Sijamuulizia.

Nimefua kanga zangu zote. Sijui kwa nini zote.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika haraka haraka, wamekwisha kuondoka.

Amekuja baada ya Alasiri na mjomba wake. Kanzu imepigwa pasi. Kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nyuma ya pazia la chumba cha Mama na moyo ukanifa hapohapo. Sijawahi kumwona amevaa kofia namna ile. Nikasema kimoyomoyo, basi, wamemshinda, na yeye kajificha.

Nilimkasirikia. Naliandika hapa kwa sababu ni kweli. Nilimtetea mbele ya Baba kwa uso wake, naye kaja kaufunika.

Salamu, kahawa, habari za Newala, habari za kazi. Baba anamtazama tu. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Pandisha kofia, mwanangu, nikuone."

Rashidi hakupandisha. Mjomba wake akainamisha kichwa. Baba akangoja. Baba ni mtu wa soko, kungoja anakuweza.

Akaipandisha.

Kajikwangua. Paji lote la uso ni kidonda kibichi. Kajikwangua kwa msasa, msasa uleule anaolainishia vitanda vya watu. Mjomba akasema wamemkuta Alhamisi usiku karakanani, damu mpaka kifuani. Rashidi aliwaambia anataka kuja kwa wakwe kama mtu wa mjini.

Mama kanishika mkono kwa nguvu nisitoke. Nilitaka kutoka niende wapi? Nikamchome Hamisi? Nikachome lile duka la Mchafukoge? Nikavuke bahari nimtafute aliyechora? Kalamu moja na dakika chache za kazi, kisha mtu ninayempenda anachukua msasa na kuuweka usoni mwake. Na katikati hapo kila mmoja alicheka kidogo tu. Hakuna hata mmoja aliyefanya jambo kubwa.

Nawachukia. Leo nawachukia wote.

Baba aliinuka. Nikadhani anawafukuza. Akaja moja kwa moja kwenye pazia, akamwambia Mama alete maji ya uvuguvugu, na kitambaa safi. Akamwosha kwa mkono wake. Rashidi alifumba macho muda wote. Alipomaliza Baba akamuuliza nani alimchanja, na alikuwa na umri gani. Akasema mjomba wake huyuhuyu ndiye aliyempeleka kwa fundi wa chale, alikuwa mdogo, aliambiwa asilie na hakulia. Baba akasema, "Na juzi je?"

Ijumaa, 22 Machi

Mvua tangu alfajiri. Madaftari yamekwisha yote. Hesabu za kutoa zinaanza kuwaingia.

Baba ametoa jibu la posa baada ya swala ya Ijumaa. Amekubali. Nikaha baada ya Idi. Mama kapiga kigelegele kimoja, akakikatiza, akalia.

Hamisi karudi nyumbani tangu juzi. Anakula, anakwenda kazini, anarudi. Barua za Baba sasa nasoma mimi. Kaniambia jana kwamba alikwenda karakanani kumwomba radhi Rashidi. Kasema Rashidi alimpa kiti, akaendelea na kazi. Nimesema sawa. Sijamsamehe bado na sitaki kuharakishwa.

Rashidi alipita leo kuleta shukrani kwa Baba. Kofia imekaa panapostahili. Nimemwona vizuri kupitia dirishani, hakujua. Kidonda kimekauka, ganda limeanza kubanduka. Mistari miwili ya juu imefutika, ngozi imebaki nyeupe na laini. Mitatu ya chini ilikuwa imekwenda ndani sana, msasa haukuifikia. Ipo.

Nimekaa nikaitazama mpaka alipoaga.