Aliyechungulia Kompyuta Yangu Olympic

Niaje Mueni dadangu,

Siku tatu sasa mwanamume mmoja amekuwa akichungulia kompyuta yangu hapa kibandani, mtaani Olympic, ninapokula chapati na madondo nikitengeneza tovuti. Nilijua tu ni mwizi. Leo akaja hadi mezani. Nikaikumbatia kompyuta.

"Si ni wewe ulitengeneza tovuti ya kliniki yetu?"

"Nani amekuambia?"

"Nimekuona ukiirekebisha. Mathe hawezi kusoma hayo maandishi, ni madogo sana."

Nikayakuza papo hapo, jicho moja likiwa kwake. Akampigia mamake, akamwambia aifungue tovuti tena. Nikamsikia mama huyo simuni akijisomea siku yake ya kliniki, polepole, kisha akacheka. Niliona aibu, Mueni.

Mkumbatie mama yetu kwa nguvu zangu zote.

Kavata