Bastola Mbili, Beseni Moja

3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mkaza mjomba hajambo? Sisi walinzi wa benki tu wazima.

Nasumbuliwa na bastola fupi ya kazini. Ukivuta kile chuma cha juu nyuma, kinakwaruza, na kurudi kinarudi kwa kusitasita. Kosa ni la mtunza ghala la silaha, yule kikongwe tunayemwita Bibi Funguo. Nimemwambia meneja kwamba aliisugua kwa msasa. Tarehe 28 anafukuzwa, na ghala napewa mimi. Wewe umetengeneza silaha miaka thelathini. Niandikie jina la ubovu nimpe meneja.

Mpwa wako

9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule. Mkaza mjomba anakusalimu kuliko unavyostahili.

Unataka jina la ugonjwa na mgonjwa hujamshika! Nitakueleza polepole, maana haraka naona unayo ya kutosha. Toa magazini, kile kikasha cha risasi. Hakikisha kwa macho na kidole kwamba chemba haina risasi. Kisha fungua, weka kando springi na mtutu, urudishe chuma cha juu peke yake kwenye reli zake. Kikiteleza, tafuta kosa kwenye springi. Kikiendelea kukwaruza, kosa liko kwenye reli: uchafu, kovu, au chuma kisicho chake. Msasa huacha mikwaruzo inayong'aa, je, umeiona? Niandikie pia namba ya juu na ya chini.

Mjomba wako

15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na mvua.

Kinakwaruza hata bila springi. Mikwaruzo sijaiona. Chini imeandikwa 417, juu 471. Labda kiwanda kilikosea. Ilikuwa nzima mpaka Bibi Funguo alipokwenda msibani, nikasafisha bastola mbili mimi mwenyewe. Nilizifungua zote kwenye beseni moja kuokoa muda. Yeye husafisha moja moja, siku nzima, kama anaosha mtoto mchanga!

Mpwa wako

19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Hapa tu wazima.

Kiwanda hakikukosea; namba ya juu na ya chini ya bastola moja hulingana. Reli na chuma cha juu husuguana miaka mingi hadi vikazoeana. Ukivitenganisha, kila kimoja hugombana na mgeni. Umezivisha bastola mbili, kila moja nguo za mwenzake, kisha ukamsingizia mwanamke aliyekuwa anazika. Ndiyo maana yeye hufungua moja moja, bwana mkubwa. Rudisha kila chuma kwake, halafu mweleze meneja ukweli kabla ya tarehe 28.

Mjomba wako

24 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nakutakia afya njema.

Zote mbili sasa zinateleza kama sabuni! Meneja amefurahi mno. Nimemwambia nimerekebisha uharibifu wa Bibi Funguo. Yaliyopita si ndwele, Mjomba. Ajuza yule angestaafu tu hata hivyo. Funguo nakabidhiwa Ijumaa.

Mpwa wako, mtunza ghala

26 Machi

Wewe,

Sina salamu.

Nimefundisha watu wazito wa mikono, na wengine wazito wa kichwa. Hao walivumilika, kwa sababu walipokosea walisema, "Fundi, nimekosea." Wewe umepewa dawa ukaitumia kujipaka manukato.

Jana nilipanda basi, mgongo huuhuu, nikamkabidhi meneja barua yako ya tarehe 15, yenye mwandiko wako. Aliisoma mara mbili, kisha akamwita Bibi Funguo aketi. Mimi sikuketi, niliona aibu kwa niaba ya dada yangu.

Ijumaa nenda kazini mapema. Utakabidhi sare.

Fundi