Vipimo vya Kamba

Tarehe 3 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Habari za huko kambini? Mimi mzima, ila vidole vimejaa matundu ya sindano. Ule mradi wa vijana wakimbizi umenipa cherehani na kibanda huku mjini, ubavuni mwa kinyozi. Sharti ni moja: nikifunga kabla ya mwaka kuisha, cherehani inarudi kwao.

Mpaka sasa nabana suruali za watu tu. Gauni langu la kwanza nataka liwe lako. Nitumie vipimo, na useme kweli: kile kikohozi kimekwisha? Kama bado, nafunga kibanda nije, cherehani wachukue.

Mwanao,
Fundi

Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Kikohozi kimeshasahau hata njia ya kuja kwangu. Futikamba hatuna, kwa hiyo nakutumia kamba tupu: fundo la kwanza kifua, la pili kiuno, la tatu nyonga. Mama yako mdogo yuko hapa ananicheka, eti nitamaliza kitambaa cha mji mzima. Yeye na mwili ule! Usithubutu kufunga kibanda.

Mama yako

Tarehe 11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nimeinyoosha kamba nikacheka peke yangu hadi kinyozi akachungulia. Kumbe umenenepa, na mimi huku silali kwa mawazo! Gauni ndilo hilo la kijani. Upindo nimeuacha mpana, ukizidi kunenepa ulegeze. Nililitundika mlangoni, walimu wa shule ya jirani wakaagiza kama hilo. Nina kazi ya kutosha sasa. Livae, uniambie limekaaje.

Mwanao,
Fundi

Tarehe 2 Mei

Mama,

Shikamoo. Dereva anasema mzigo alikukabidhi mkononi. Mbona kimya? Gauni limekaaje?

Mwanao

Tarehe 19 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Ni mimi, mama yako mdogo. Kaa chini kwanza.

Mama yako ametutoka. Kikohozi hakikumwacha hata siku moja. Gauni lilimkuta hai, alilipindua, akapapasa mishono yote, akasema, “Mkono wake umetulia.” Nguvu za kulivaa hakuwa nazo. Kamba ile alinizungushia mimi kiunoni, usije ukafunga kibanda. Nilicheka ili nisilie, na moyo unaniuma mpaka leo.

Aliniagiza nilivae siku ya kumzika, kisha nikujibu swali lako. Limekaa vizuri, mwanangu. Limenikaa mimi.

Mama yako mdogo